Msumari wa Enzi ya Kivuli

Asubuhi msumari wa dhahabu ulipopita barabarani ndani ya gari lake la vioo, ukiwa na walinzi wengi kuliko waziri, Anyitike Mwakalobo alikuwa wodini akimlisha binti yake uji kwa kijiko cha chai. Wagonjwa wenye nguvu zao na wauguzaji wakakimbilia dirishani. Yeye hakuinuka. Msumari ule alikuwa ameshauona: haukuzidi kidole cha shahada, na bado ulikuwa umetandikiwa mahameli, wakati Subilaga wake alilalia godoro lililochoka mpaka vyuma vya kitanda vilimchora mgongoni.

"Tata, nenda ukauone," alisema Subilaga. Sauti ilikuwa imekonda kama mwenyewe.

"Niuone wa nini? Mimi ndiye ninayeuandalia matope ya kukalia. Utanisubiri. Meza."

Akameza kidogo, kingine kikarudi kidevuni. Mikono yake ilikuwa na ule wekundu wa kutu chini ya ngozi, ambao watu wote wa kando ya Ziwa Kisyombe waliujua. Mama yake alikufa nao.

Kwenye kitanda cha jirani aliketi Mbeleje, kitoto cha kike ambacho meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajaota tena, kikimung'unya ubuyu na kutema kokwa kwenye kikombe. Mrija ulitoka mkononi mwake ukaingia kwenye chujio. Ni mashine isiyozidi debe la mafuta, iliyosimama juu ya magurudumu na kunong'ona mchana kutwa: inavuta damu, inaisafisha sumu, inairudisha. Mtu akiunganishwa nayo anapona taratibu. Akikatwa, sumu hupanda tena kama maji kisimani.

Mama Mbeleje akarudi kutoka dirishani akijipepea kwa upande wa khanga.

"Baba Subilaga, kumbe kenyewe ndiko kale! Mimi nilidhani kitu cha nguzo ya umeme. Huku kwenu hata msumari unasindikizwa na king'ora?"

"Huku kwetu msumari ndiye mheshimiwa, dada. Mtu ndiye wa kugongelewa."

"Nyie watu wa ndizi, mna maneno!" Akacheka, akampangusa Subilaga uji kidevuni bila kuombwa, kama alivyozoea. Alitoka Ugogo, kule ambako vumbi jeupe la Kivuli liliangukia kwa wingi kuliko popote nchini, na watoto wakalivuta puani mpaka likaingia kwenye damu. Tangu waletwe, yeye na Anyitike walikuwa wamekula chungu kimoja. Anyitike akienda ziwani, yeye ndiye aliyemgeuza Subilaga ubavu.

Sista Hobokela akapita, akaangalia mashine ya Mbeleje, akaangalia macho ya Subilaga.

"Leo ndiyo leo, mzee," alisema. "Msumari ukikaa juu ya wekundu, huyu ni wa mlima. Ukikaa chini yake, huyu ni wa watu."

"Na akiwa wa watu, mashine itatoka wapi?"

Hobokela hakumtazama. "Wa chini kwanza. Sheria ndivyo inavyosema."

"Si redioni wamesema machujio mapya yako njiani?" Mama Mbeleje aliuliza. "Mimi nawaombea msumari ushuke, Baba Subilaga. Tutibiwe wote, turudi makwetu."

Hobokela akasukuma kitoroli chake akaenda zake. Anyitike akabaki na kijiko mkononi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, ila kuhesabu mashine za wodi ile hakukuhitaji darasa la tano. Hakukuwa na iliyokaa bure. Na kila mwenye mashine alikuwa mtoto wa vumbi.

*

Sheria ya Enzi ilikuwa fupi, na ubaya wake ulikuwa humo humo kwenye ufupi.

Mataifa makubwa yalipoona jua linawaunguza, yalipuliza angani vumbi jeupe la kulikinga. Wakaliita Kivuli. Likafunika dunia nzima, kisha likaanza kushuka. Watu walipoanza kuugua, mabwana wakakutana kwenye hoteli na kukubaliana jambo la kujivunia: kwamba tangu hapo dunia imeingia enzi mpya, dunia iko mikononi mwa binadamu, na kila aliyeumia ndani ya enzi hiyo atatibiwa bila kuulizwa nani kamuumiza. Aliyeumia kabla yake ni shauri la mlima, mvua na Mungu. Hana wa kumdai. Na kwa kuwa mashine ni chache, ndani ya enzi mpya watafuatana kama matope yanavyofuatana ziwani: tabaka la chini ndilo lililotangulia, basi mgonjwa wake naye atangulie. Na alama ikijirudia, wagonjwa wake huhesabiwa kwa tabaka lake lililo nene zaidi.

Pa kuanzia enzi hiyo, walisema, wataamua wanasayansi, siasa isiguse. Siasa ilikuwa imeshagusa na kunawa.

Kisyombe lilichaguliwa kati ya maziwa yote ya dunia kwa sababu ni shimo la volkano lililotulia. Upepo haufiki chini, na huko chini hakuna hewa ya samaki wala mdudu wa kuchimbua. Matope ya kila mwaka yalilala juu ya mengine kama khanga zilizokunjwa sandukuni. Na karibu na juu kabisa kulikuwa na mistari miwili ambayo Anyitike angeweza kuichora akiwa amefumba macho. Mmoja mwekundu: masika ambayo ukuta wa bwawa la taka za mgodi ulibomoka, maji ya kutu yakashuka ziwani na kwenye mabomba ya vijiji. Juu yake kidogo, unene wa ukucha, mmoja mweupe: kiangazi cha mwaka huohuo, Kivuli kilipopulizwa.

Wekundu chini, weupe juu. Kwa ukucha mmoja, Tupokigwe mke wake alikufa kifo cha maumbile. Alizikwa wanasheria wa mgodi wakiwa bado wanabishana kama aliyemuua ni mtu au ni udongo wenye chuma. Mpaka leo Anyitike hakuwa amesikia waliishia wapi. Labda bado wanabishana. Posho ilikuwa nzuri.

*

Jukwaa la mapipa lilielea katikati ya ziwa, limejaa viti vyenye vitambaa. Mheshimiwa Ngailo, mwenyekiti wa Baraza la Enzi, alikaa mbele. Nyuma yake walikaa mabwana wa mgodi, suti zao nyepesi, wametulia kama watu waliokuja kumzika mtu wasiyemjua. Kamera zilikuwa nyingi kuliko kunguru.

Dokta Gwantwa, mwanasayansi wa matope ya ziwa, alikuwa amechuchumaa pembeni akimimina barafu kavu ndani ya bapa. Lilikuwa bamba la chuma, jembamba, refu kumzidi mtu, lenye uwazi ndani. Unalijaza barafu kavu na spiriti, unalishusha kwa kamba mpaka lizame kwenye matope, unalitegemeza hapo, na matope yanaganda juu yake yakiwa katika mpangilio wake. Winchi ilikuwepo, lakini injini yake ilitingisha jukwaa, kwa hiyo ilibaki kamba na mikono ya Anyitike.

"Polepole, mzee," Dokta alisema. "Kama unamlaza mtoto aliyesinzia."

"Nimekusikia, Daktari."

Hakuwa mtu mbaya, huyu. Siku ya kwanza ya kazi alimkuta Anyitike akinung'unika kwamba hawa wasomi wanakata wakati kama nyama ya mnada, akamkalisha juu ya pipa, akamwekea mkungu wa ndizi mbele yake.

"Umri wa dunia ndio huu mkungu," alimwambia. "Sisi tunaugawa chane chane. Hizo ni zama: kuna zama za mijusi mikubwa iliyokwisha, kuna zama zetu sisi tunaonyonyesha. Kila chane ina ndizi zake, hivyo ni vipindi. Ndani ya ndizi kuna enzi, ndani ya enzi kuna marika. Hii enzi tuliyozaliwa ndani yake mimi na wewe inaitwa Holosini. Ni ncha tu ya ndizi ya mwisho."

"Na nani kawaonyesha pa kukata?"

"Mkungu wenyewe. Hatukati tunapopenda. Tunatafuta mahali kitu fulani kilipotokea duniani kote kwa mara moja. Konokono mpya, majivu, vumbi. Chini kabisa, pale alama inapoonekana kwa mara ya kwanza, ndipo pa kugonga msumari. Na msumari hausemi la zamani limekwisha. Unasema tu: jipya limeanzia hapa."

"Sisi tulio chini ya msumari je?"

Dokta Gwantwa alimenya ndizi akala. Baadaye aliwaandikia wakubwa kwamba mstari wa sayansi haukuchorwa ili kupangia watu foleni ya hospitali. Wakamjibu kwa kumwongezea ulinzi getini.

Tena akawaambia sherehe hii haina maana. Mabapa ya kutosha yalikwishavutwa miezi iliyopita, yote yanasema jambo moja. Mheshimiwa Ngailo akasema hayo yalikuwa mazoezi. Ulimwengu unataka kuona kwa macho. Bapa litakalovutwa mbele ya kamera, hilo peke yake ndilo litakuwa bapa la sheria, na mengine yakafungiwa ghalani, ni marufuku kuyataja. Mtu akitaka kupendeza machoni pa watu hulipa gharama, ila wakubwa wana desturi ya kumwachia mwingine bili.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alikuwa ameanza, "leo tunaipa dunia tarehe yake..."

Bapa likagusa maji. Moshi mweupe wa barafu ukatambaa juu ya ziwa. Anyitike akaachia kamba kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja, akihisi uzito ukishuka kwenye giza la chini. Kamba ilipolegea alijua: limefika kwenye matope. Akaliachia taratibu. Likazama, limesimama wima, sawasawa kama alivyofundishwa.

Ilibaki kusubiri matope yashike.

Kuna muda mdogo hapo, kabla ya kuganda, ambapo matope bado ni laini kama ugali wa mgonjwa. Mkono ukitikisika, tabaka hujikunja: la juu huburuzwa likapita chini ya mwenzake, na bapa likitoka unaona mstari uleule mara mbili. Dokta alimfundisha hayo ili ajihadhari.

Mkono wake haukutikisika. Alikuwa na mkono mzuri, Tupokigwe alizoea kusema, mkono wa kubebea mayai.

Alimwona Subilaga akimeza uji unaorudi. Alimwona Mbeleje akitema kokwa kikombeni. Akajaribu kumwona mmoja bila mwingine, wakakataa kuachana. Vitanda vilikuwa karibu mno. Kufa kufaana, walisema wahenga. Hawakusema nani huketi mezani, kwenye maji ya chupa, akapanga nani afe ili nani afaidike. Waliopanga walikuwa pale nyuma yake, wanapiga makofi kwenye hotuba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtoto wodini. Yeye mwenye mtoto ndiye aliyeachiwa kamba.

Si mimi niliyetengeneza mashine chache, akajiambia. Si mimi.

Akavuta juu kwa nguvu, ghafla, kisha akaliachia lianguke. Mara moja tu. Kamba ikamla kiganja. Makofi yalikuwa bado yanaendelea.

*

Bapa lilitoka likitoa moshi. Dokta Gwantwa alilimwagia maji, akakwangua uchafu wa juu, na kamera zikasogea mpaka zikamkanyaga.

Weupe. Chini yake wekundu. Chini ya wekundu, weupe tena, mwembamba, uliopinda.

Bwana mmoja wa mgodi alisimama, akakaa, akasimama.

"Dokta," Mheshimiwa alinong'ona huku akitabasamu kwenye kamera, "hiki ni kitu gani?"

Dokta aliinama akakaribia sana. Matabaka pembeni mwa bapa yalikuwa yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Aliinua uso, na badala ya kumtazama Mheshimiwa akamtazama Anyitike. Akatazama uso wake, kisha kiganja alichokuwa amekikunja.

"Mzee Anyitike. Bapa lilishuka sawa?"

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa amejiandaa kwa polisi, hata kwa kusukumwa majini. Hili la kuulizwa kwa upole hakuwa amejiandaa nalo.

"Mimi ndiye niliyeshika kamba, Daktari."

"Sikukuuliza hilo. Ukiniambia limeburuza, nitaomba turudie sasa hivi, na hakuna atakayekugusa. Ukiniambia limeshuka sawa, mimi sina bapa jingine ninaloruhusiwa kulitaja. Nakuuliza wewe."

"Mbona mnachelewa?" Mheshimiwa alisema. "Tuko hewani."

Sema limeburuza, kitu kilimwambia Anyitike. Ni neno moja. Subilaga atakufa kama mama yake, utamzika kwa haki, na Mama Mbeleje atakuja msibani kukupikia. Atakuja, mwanamke yule. Atalia kukushinda wewe.

"Lilishuka sawa," alisema.

"Halikutikisika?"

"Halikutikisika."

Dokta Gwantwa alisimama. Alitoa msumari kwenye mahameli kama mtu anayetoa mwiba. "Alama ya Kivuli," alizitangazia kamera kwa sauti isiyo na chumvi, "inaonekana kwa mara ya kwanza hapa." Akauweka chini ya wekundu na kugonga kwa nyundo ndogo ya mbao. Matope yaliyoganda yalilia kama sukari guru ikivunjwa.

Makofi. Kutoka ufukweni watu wa vijiji wakapiga vigelegele; walikuwa wameona kwenye skrini kubwa. Wanawake walikumbatiana. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye maji.

Dokta alipompita, alisimama.

"Nimepiga kwa neno lako, mzee. Utalala nalo, nami nitalala nalo."

"Mimi nimelala na ya kwenu miaka yote hii," Anyitike alimjibu. Lilitoka kali kama alivyotaka. Halikumpa nafuu yoyote.

*

Alirudi hospitali akiwa amedandia nyuma ya gari la polisi lililojaa watu wakiimba. Walimpiga mgongoni. Mpiga kamba wetu! Aliteremka kabla halijasimama vizuri.

Amri ilikuwa imefika wodini kabla yake. Amri za kupeleka mashine mpya hutembea kwa miguu; hii ya kuhamisha za zamani iliruka. Sista Hobokela alikuwa amesimama kati ya vile vitanda viwili, amevaa glovu, amefunga breki za chujio na kuzifungua na kuzifunga tena.

"Na zile mpya za redioni?" Anyitike aliuliza.

"Ziko redioni."

Kwenye kitanda cha pili, mashine ya mtoto mwingine ilikuwa tayari imehamia kwa mwanamume wa kijiji cha pili kutoka kwao. Mama wa mtoto yule alikuwa amekaa sakafuni, amejifunika khanga uso mzima.

"Mama Mbeleje yuko wapi?"

"Ameenda bombani kufua. Hajui."

"Basi msubiri arudi, Sista. Nakuomba."

"Nikimsubiri nitashindwa, mzee." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nina wodi nzima ya kuhamisha leo. Ukiwa na roho ya kunisaidia, shika huku. Ukiwa huna, toka nje, lakini usinisimamie."

Akamtazama binti yake. Subilaga alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa rangi ya udongo, pumzi inakuja kwa kuvutwa. Tangu asubuhi alikuwa ameshateremka ngazi nyingine.

Anyitike akashika.

Hobokela aliufunga mrija wa Mbeleje, akauchomoa, akabandika pamba. Mashine ikanyamaza. Wakaisukuma. Umbali ulikuwa hatua ya mtu mmoja, na magurudumu yalilia njia nzima. Kiganja chake kilichochunika kiliacha alama kwenye chuma. Sindano ikaingia kwenye mshipa wa Subilaga. Mashine ikaanza tena kunong'ona, kwenye kitanda kingine.

Ilikuwa ni nyepesi. Hilo ndilo lililomtisha. Alidhani itakuwa nzito.

Baada ya muda kidogo damu iliyosafishwa ikaanza kurudi, na midomo ya binti yake ikapata rangi. Alitaka kufurahi. Alisubiri furaha, ikachelewa.

"Babu."

Mbeleje alikuwa ameketi, ameishikilia pamba mkononi kwa kidole kama alivyoambiwa.

"Naam, mjukuu wangu."

"Mbona mashine imeenda kwa dada Subi?"

Hobokela alishaondoka kwenda kitanda kingine. Hakukuwa na mtu wa kumjibia.

"Ameiazima," Anyitike alisema.

"Amesema asante?"

"Amelala. Nasema mimi kwa niaba yake. Ndaga."

"Ndaga!" Mbeleje alicheka, pengo likaonekana, neno hilo la kwao lilimchekesha siku zote. Kisha akafikiri. "Atairudisha lini?"

"Kesho."

"Kesho asubuhi au kesho jioni?"

Koridoni, mbali bado, kandambili zilikuwa zinakuja, chapa, chapa, pamoja na ndoo inayogonga mguu wa mtu, na sauti ya mwanamke akiwapongeza watu mlangoni kwa ushindi wa msumari. Anyitike alitaka kusimama akamkute nje, amwambie yeye kabla hajaona. Akabaki ameketi palepale, mkono mmoja juu ya mashine, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Mlango ukasukumwa. Mbeleje akajinyanyua kitandani, amejaa fahari ya mtoto mwenye habari mpya.

"Mama!" aliita. "Njoo uone! Tumewaazima mashine!"